Vijana wa Ukunda: Kabla ulipie cheti cha IT, shika kebo kwanza

Base Titanium walifunga uchimbaji wao Kwale Desemba 2024, baada ya zaidi ya miaka 10. Tangu hapo swali la kazi kutoka Msambweni hadi Diani limekuwa zito. Na ushauri wa mtaani ni ule ule: "Soma IT, pata cheti, utaomoka."

Tupige hesabu basi. Mtihani wa CCNA wa Cisco ni dola 300, yaani karibu KSh 39,000, bila mafunzo wala nauli. Ukianguka unalipa tena. Ukipita, cheti kinadumu miaka 3, halafu lazima ukihuishe. CompTIA A+ nayo ina mitihani miwili, na kila mmoja unalipiwa kivyake. Kwa familia nyingi hiyo doo ni karo ya mdogo wako.

Halafu kuna hii: CompTIA wenyewe wanapendekeza uwe na miezi 12 ya kazi halisi kabla ya kufanya A+. Cisco kwa CCNA wanataja mwaka mmoja au zaidi. Yaani hata wenye vyeti wanakwambia anza na kazi.

Na kazi ya kujifunzia iko. Diani imejaa hoteli na nyumba za wageni, kila moja na wifi na kamera zake, na chumvi ya bahari inakula vyuma vya kebo kila siku. Desemba vyumba vikijaa na wifi izime usiku, meneja haulizi nani ana cheti. Anampigia msee wa Ukunda aliyevuta zile kebo.

Lakini tusidanganyane. Huyo msee analipwa ya siku. Mvua za Aprili zikianza na wageni wapungue, simu hailii. Kazi ya kudumu ikitangazwa, sivii yake inachujwa mapema sababu haina karatasi. Mimi niliacha chuo katikati, so hiyo ya kuchujwa naijua vizuri. Kazi unaweza, lakini bei yako anapanga mtu mwingine.

So maoni yangu ni mpangilio. Anza na kozi za bure za Cisco Networking Academy au mafunzo ya Ajira Digital ya serikali. Ingia kwa fundi wa wifi au kamera hata kwa nauli na lunch, lakini mpatane miezi mitatu, isigeuke mwaka wa kazi ya bure. Andika kila kazi: tarehe, ulichorekebisha, nani alikuita. Ukishajua mikono yako inaweza, ulizia RPL, mpango wa serikali wa kutambua ujuzi wa kazini. Hiyo 39,000 itoke mwisho.

Na mameneja wa Diani, kijana akiwaokoa Desemba, mwandikieni barua ya kuthibitisha kazi. Nyinyi haiwagharimu kitu. Yeye inaweza kumfungulia mlango.