Gusii yahitaji wataalamu wake wa kupima sumu mitoni

MTO Gucha huanzia katika milima ya Kiabonyoru, Kaunti ya Nyamira, ukapita kando ya mashamba ya majanichai, ndizi na mahindi ya Kisii, kisha ukaingia Migori, ambako hufahamika zaidi kwa jina la Kuja. Hatimaye humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Dawa yoyote inayopuliziwa mimea milimani, na taka yoyote inayotupwa mtaroni, ina njia ya kufika ziwani.

Suala ni nani atakayeipima sumu hiyo safarini, na kueleza inawadhuru viumbe gani.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba, nayo Nyamira ilikuwa na 605,576. Katika msongamano huo, shamba, choo, zizi la ng'ombe na chemchemi hukaribiana mno. Mjini Kisii kwenyewe, kijito cha Nyakomisaro hupita katikati ya makazi na biashara kikielekea Mto Riana, ambao ni tawi la Gucha.

Maji yenye matope au uvundo hujulikana kwa macho na pua. Sivyo ilivyo kwa masalio ya dawa za kilimo, ambayo yanaweza kudhuru yakiwa kidogo kiasi cha kutobadili rangi wala ladha ya maji. Matumizi ya DDT katika kilimo yalipigwa marufuku nchini mwaka wa 1986, lakini kemikali hiyo na masalio yake ni za aina inayodumu udongoni kwa miaka mingi na kujilimbikiza katika mafuta ya samaki, ndege na binadamu.

Wakazi wa Gusii wana mfano wa karibu zaidi. Pareto, zao lililowahi kuwasomeshea wengi watoto, hutoa dawa ya kuua wadudu ambayo haina madhara makubwa kwa binadamu na huharibika upesi ikipigwa na jua. Hata hivyo, dawa hiyo hiyo ikiingia mtoni huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Kwa hivyo, haitoshi kujua kwamba kemikali ipo. Ni lazima ijulikane ni kiasi gani, imekaa muda gani, na ni kiumbe kipi kinachokutana nayo.

Hapo ndipo taaluma mbili hukutana. Kemia ya mazingira hufuatilia kemikali hewani, majini na udongoni. Nayo taaluma ya athari za sumu kwa viumbe huchunguza kinachowapata samaki, nyuki, viluwiluwi na minyoo. Anayezimudu zote mbili hadi kiwango cha shahada ya uzamifu hapatikani kwa warsha ya siku tatu. Huhitaji miaka isiyopungua mitatu, mitambo ya bei ghali, kemikali safi za kulinganishia vipimo, umeme usiokatika na mwalimu aliyebobea.

Njia moja ambayo imewafaa Waafrika wengi ni ile ya mwanafunzi kusajiliwa katika chuo cha nyumbani, kisha kupelekwa ng'ambo kwa miezi kadhaa ya mafunzo mazito ya maabara. Mpango wa Kimataifa wa Sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ulioanzishwa mwaka wa 1961, umefadhili wanafunzi kwa utaratibu huo. Jijini Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilikabidhiwa mwaka wa 2018 usimamizi wa hazina ya ufadhili wa uzamifu inayohudumia nchi kadhaa za Afrika.

Faida ya utaratibu huo ni kwamba mwanafunzi huchukua sampuli katika mto wa kwao na kurejea nyumbani na ujuzi. Kasoro yake ni kwamba huenda akarejea pasipo na mtambo wa kuutumia. Mtaalamu asiye na maabara ni kama mvuvi asiye na wavu.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, iliyounda Hazina ya Taifa ya Utafiti, ililenga asilimia mbili ya pato la taifa itengewe utafiti. Shabaha hiyo haijafikiwa. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati kamili mwaka huo huo, kimo katika eneo lenyewe linalohitaji uchunguzi.

Suala hili lina uzito wa kibiashara pia. Mnamo Januari 2013, Umoja wa Ulaya ulianza kukagua asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya masalio ya dawa. Mkulima wa majanichai wa Kebirigo au Nyamache hana kinga dhidi ya masharti ya aina hiyo.

Kaunti hizi mbili zingeweza kushirikiana na chuo hicho kufadhili wanafunzi wachache wa uzamifu, kwa sharti kwamba wapime Gucha kutoka chemchemi zake hadi mpakani, na matokeo yatangazwe kwa wananchi. Bila hayo, mzazi wa Nyamira ataendelea kuchota maji yanayoonekana safi, asijue kama ni salama.