Shukrani na Ujira

Wako wasemao kwamba Mkatoliki ashukuruye kila siku hujizoeza kuridhika na dhuluma. Maskini aliyenyimwa ujira wake, wasema, huambiwa apige magoti ashukuru kwa kuwa angali hai. Na sala hiyo humfaa tajiri wake kuliko Mungu. Lawama hii si ya bure, maana wahubiri walioigeuza shukrani kuwa kizibo cha vinywa hawakukosekana. Lakini walaumuo wamepiga kivuli.

Ignatius wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilipata idhini ya Papa Paulo III mwaka 1548, aliupanga utafiti wa dhamiri katika hatua 5. Ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokewa. Ya pili, kuomba neema ya kuzijua dhambi. Ya tatu, kuidai nafsi hesabu ya saa baada ya saa, kwa mawazo, maneno na matendo. Kisha kuomba msamaha, na kuazimia kujirekebisha. Mwenye shamba akishukuru jioni kwa mavuno, hatua ya tatu yamngoja mlangoni: je, aliyevuna amelipwa? Na mvunaji ashukuruye kwa nguvu za mikono yake hajamsamehe mtu deni. Amekiri tu kwamba nguvu hizo hakupewa na mwenye shamba. Wahubiri wa kuridhika hukomea hatua ya kwanza, na si ajabu, kwa kuwa 4 zilizobaki hazimpendezi alipaye sadaka kubwa.