Mwongozo Umemeza Kitabu

"Mwandishi ametumia tashbihi, takriri na tashihisi ili kuifanya kazi yake ivutie." Mwanafunzi akiulizwa kuhusu lugha ya hadithi, jibu hilo analo tayari hata kabla hajaisoma. Ametoka nalo kwenye mwongozo.

Busia ya Kenya ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Fasihi ina karatasi yake nzima katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, alama 80, na mtahiniwa mwenye haraka huona heri akariri muhtasari kuliko kukipitia kitabu teule. Sasa ugonjwa unavuka mpaka. Mtaala mpya wa Uganda wa 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa cha lazima katika miaka miwili ya mwanzo ya sekondari, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakipitisha kuwa lugha rasmi. Hatua njema. Lakini Petta, wilayani Tororo, mtoto anazungumza Dhopadhola nyumbani, na Kiswahili cha hadithi anakutana nacho darasani. Akianzia kwenye orodha ya tamathali, ataamini kwamba kuchambua ni kubandika majina.

Chukua sentensi mbili tulizojitungia: "Mama Achieng hufungua duka kabla ya adhana ya alfajiri. Jumatatu ile alifungua saa nne." Hamna tashbihi humo, wala methali. Mwanafunzi wa mwongozo atapita. Ila "hufungua" imeshatujengea mazoea ya miaka, na "alifungua" ikayavunja papo hapo. "Ile" nayo inatuambia msimulizi anaikumbuka siku hiyo, na ana sababu. Hakuna aliyetaja balaa, nasi tumeshaingiwa na wasiwasi. Anayesimulia ni nani? Alijuaje saa? Mbona sababu anaificha? Maswali hayo ndiyo uchambuzi. Istilahi zaja baadaye, kuyapa majina mambo yaliyokwisha kuonekana.

Na mtoto wa Petta si mgeni wa kazi hii. Aliyekulia kwenye ngano za sungura anajua msimulizi anaposhusha sauti, na kwa nini fisi hudanganywa mara tatu, si moja. Profesa Bethwell Ogot alizithamini simulizi za Jopadhola, wasemaji wa Dhopadhola, hata akazijengea historia, katika kitabu chake cha 1967 kuhusu Waluo wa Kusini. Shule zetu zinazipita kama porojo za jikoni.

KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inafika mwisho 2027. Uganda nayo, tangu 2024, inatahini UCE, mtihani wake wa kidato cha nne, kwa mtaala unaodai mwanafunzi atumie alichojifunza. Basi watahini wa mabaraza ya mitihani, KNEC la Kenya na UNEB la Uganda, wasitoe hata nusu alama kwa tamathali iliyotajwa bila kuelezwa imefanya nini mahali pale. Walimu nao wasingoje waraka: muhula ujao, kipindi cha kwanza cha fasihi kianze kwa mwanafunzi kusimulia hadithi ya kwao, na wenzake wamhoji kabla neno "tamathali" halijaandikwa ubaoni.