Mwizi wa avokado hukamatwa kwenye mizani

Ukisoma takwimu za uhalifu zinazotolewa nchini kila mwaka, Murang'a si kaunti itakayokukosesha usingizi. Nairobi na Kiambu ndizo hutajwa kwanza. Mgeni akishuka matatu Kandara au Kigumo saa moja jioni, ataona akina mama wakirudi kutoka sokoni bila wasiwasi na maduka yakiwa bado wazi, naye atasema hapa pana utulivu. Hatakuwa amekosea sana. Lakini mwulize mwenye miti ishirini ya avokado aina ya Hass analala saa ngapi kuanzia mwezi Machi, matunda yanapokaribia kuvunwa. Atakuambia halali.

Inakuwaje basi kaunti ambayo ni tulivu kwenye vitabu iwe na wakulima wanaokesha na tochi? Jibu langu, ambalo najua halitawafurahisha baadhi ya wanunuzi wanaosoma ukurasa huu, ni kwamba tumekuwa tukimtafuta mwizi mahali ambapo hapatikani.

Tuanze na hizo takwimu. Mwaka wa 2022 visa vilivyoripotiwa kwa polisi kote nchini vilikuwa 88,083. Mwaka uliofuata, 2023, vikapanda hadi 104,842. Neno la kuangalia hapo ni "vilivyoripotiwa". Kisa ambacho hakikuandikwa kituoni hakihesabiwi, na wizi wa matunda ni kisa ambacho watu wengi hawajisumbui kukipeleka. Mimi nilijaribu mara moja. Niliamka asubuhi nikakuta miti sita imepukutishwa kwa fimbo, matawi yamevunjika, na matunda madogo yasiyofaa kitu yametapakaa chini. Nikaenda kituoni. Afisa aliyekuwa zamu, kijana mwenye adabu, aliniuliza: "Mzee, hizo avokado zako zina alama gani?" Ng'ombe ana rangi, ana pembe, pengine ana kovu. Avokado yangu ina alama gani? Nilirudi nyumbani bila nambari ya OB. Katika hesabu za mwaka ule, usiku ule haukutokea.

Simlaumu yule kijana. Alikuwa ameuliza swali la maana kuliko alivyojua, nami nitalirudia.

Kwanza hasara yenyewe. Tuseme wezi wamechuma matunda 2,000 usiku mmoja, na bei shambani msimu huo ni Sh15 kwa tunda. Hiyo ni Sh30,000. Sasa tuseme ukiogopa kurudiwa, unaajiri mlinzi wa Sh500 kwa usiku kwa miezi miwili. Hiyo nayo ni Sh30,000. Kwa hivyo mkulima mdogo yuko kati ya mambo mawili yanayomgharimu sawasawa: kuibiwa au kujilinda. Ndiyo maana wengi huchagua njia ya tatu, ambayo ndiyo mbaya zaidi ingawa haionekani popote kwenye rekodi za polisi. Wanauza mapema.

Broka anapita shambani Januari au Februari, anaangalia mti, anataja bei ya jumla, anatoa pesa, na mkulima anashukuru Mungu kwamba mzigo wa kulinda sasa si wake. Bei hiyo huwa ya chini kwa sababu broka anajua vyema unachoogopa. Wengine huvuna wenyewe kabla ya wakati, wakijiambia afadhali nichume mimi kuliko achume mwizi. Hivi ndivyo mwizi anavyomwibia hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga shamba lake.

Na avokado haisamehi haraka ya namna hiyo. Tunda hili haliivi likiwa mtini. Huiva baada ya kuchumwa, lakini ni lazima liwe limekomaa kwanza. Likichumwa changa, hujikunja ngozi na kuwa kama mpira, na mafuta yake hayatoshi. Mteja wa ng'ambo akilipasua mara moja, harudi tena. Ni kwa sababu hiyo idara ya serikali inayosimamia mazao ya bustani, HCD, imewahi kufunga msimu wa kuvuna na kusafirisha nje, kama ilivyofanya kuanzia Novemba 2021. Mwezi Agosti 2022 avokado mbichi za Kenya zilianza kuingia China, soko ambalo tulilililia kwa miaka. Masoko ya aina hiyo yanataka kujua tunda limetoka shamba gani. Mwizi hachagui lililokomaa. Gizani hupukutisha yote, na asubuhi changa na komavu ziko gunia moja.

Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo naye anapoumia. Nimewaona mabroka waaminifu, watu wenye pikapu moja ya mkopo, wakirudi kutoka kituo cha kupakia na nusu ya mzigo uliokataliwa kwa sababu walinunua kreti kumi za mtu wasiyemjua. Wanauza zilizokataliwa kandokando ya barabara kwa bei ya kutupa. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba wizi ni tatizo la mkulima peke yake.

Tumejaribu nini mpaka sasa? Tumejaribu kila kitu kinachofanyika kwenye ua. Tumepanda miiba, tumefuga mbwa, tumefunga taa za sola. Mwaka wa 2022 hata vyombo vya habari vya ng'ambo vilikuja Murang'a kupiga picha za vijana waliovaa makoti ya mvua, rungu na panga mkononi, wakizunguka mashamba ya avokado usiku kucha. Serikali nayo ilileta mpango wa Nyumba Kumi mwaka wa 2013, ambao ulikopwa kutoka kwa jirani zetu wa Tanzania, ili majirani wajuane na kupeana habari. Mahali ambapo wazee wa mtaa wanaheshimiwa, umesaidia. Mahali pengine umebaki kuwa mkutano wa chai.

Lakini kuna kitu kimoja katika ulinzi wa panga ambacho kinanitia hofu kuliko wizi wenyewe. Kijana wa miaka kumi na tisa akikutwa juu ya mti saa nane usiku na watu kumi wenye hasira, hakuna atakayemuuliza jina. Huku mpakani na Kiambu, mwishoni mwa mwaka wa 2023, wanaume wanne waliodaiwa kwenda kuiba mananasi walipatikana wamekufa mtoni, na kukazuka ubishi mkubwa kuhusu jinsi walivyokufa. Mananasi! Na tusidanganyane, mwizi wa avokado mara nyingi si mgeni kutoka Nairobi. Ni mtu anayejua mbwa wako anaitwa nani. Nyumba nyingine, ni mtoto wa mwenye shamba, ambaye baba yake hajawahi kumwonyesha hata shilingi ya mauzo. Ukimkata panga huyo, umemkata nani?

Sasa panda nami juu kidogo, kuelekea msitu wa Aberdare, kwenye majani chai. Pitia Makomboki, Kanyenya-ini, Githambo. Ni kaunti hiyo hiyo, polisi ni wale wale, vijana wasio na kazi ni wale wale, na mashamba hayana ua wa maana. Majani yako wazi kando ya barabara usiku na mchana. Mbona hatusikii mkulima wa chai akikesha na tochi?

Wengine watasema ni kwa sababu kuchuma chai ni kazi ndefu na haiwezekani gizani. Kuna ukweli hapo. Lakini sababu kubwa ni kwamba mwizi wa majani chai hana pa kuyapeleka. Majani hukauka na kuharibika haraka. Lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Kiwanda hupokea kupitia kituo cha kununulia, na pale kuna karani na mizani. Kila mkulima ana nambari yake. Karani anajua kwamba mwenye nambari fulani ana nusu ekari na huleta kilo kadhaa. Akileta mara tatu ya hizo, watu wote kwenye foleni watageuka kumtazama. Pesa zenyewe hazilipwi pale mkononi bali huingia kwenye akaunti mwisho wa mwezi. Mwizi anataka pesa kabla jua halijachomoza. Na pale ambapo wachuuzi wamekuwa wakinunua majani kwa pesa taslimu bila kuuliza nambari, malalamiko ya wizi hufuata nyuma yao. Uliza wakulima wa chai wenyewe.

Tofauti kati ya huko juu na huku chini, basi, ni jinsi zao linavyonunuliwa. Avokado hununuliwa popote, na yeyote, saa yoyote, kwa pesa taslimu, bila jina. Gunia likifika kwenye barabara ya lami saa kumi alfajiri, limepata mwenyewe. Ng'ombe mmoja akisafirishwa hutakiwa kibali cha afisa wa mifugo. Tani tatu za avokado hupita kwa neno la dereva.

Hapa ndipo narudi kwa swali la yule kijana wa kituoni. Avokado haina alama, hilo ni kweli. Lakini mauzo yanaweza kuwekwa alama. Tunda haliwezi kusema limetoka kwa nani, karatasi inaweza.

Sheria haijatuacha mikono mitupu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 275, inampa mwizi wa kawaida kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kifungu cha 322 kinamshughulikia anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Huyo anaweza kufungwa hadi miaka kumi na minne. Soma tena tarakimu hizo. Waliotunga sheria walielewa kwamba bila mnunuzi hakuna mwizi. Sisi kila mara tunamburuta kijana wa gunia moja mbele ya chifu, na aliyenunua magunia arobaini ya usiku huo anatupita barabarani akitupungia mkono. Vilevile kanuni za mazao ya bustani za mwaka wa 2020 zinawataka wafanyabiashara wa mazao hayo wasajiliwe. Muulize broka anayekuja kwako nambari yake ya usajili ni ipi. Mimi nimewauliza watatu. Mmoja alinionyesha, wawili walicheka.

Ninachopendekeza si kigumu. Kila mauzo yaandikwe kwenye kitabu cha risiti chenye nakala: jina la mkulima, kijiji, kilo au idadi ya matunda, tarehe, na nambari ya gari. Nakala moja ibaki kwa mkulima, nyingine isafiri na mzigo. Asiye na nakala asipakiwe, na kituo cha kupakia kikatae mzigo wake kama kinavyokataa tunda changa. Kununua kufanywe mchana, mahali panapojulikana, penye mizani. Na kwa kuwa tayari kuna watu wanaosimamisha magari ya mazao kudai ushuru wa kaunti, hao hao waulize karatasi ya shamba. Hawahitaji kuajiri mtu mwingine wala kununua kompyuta.

Nimesikia pingamizi. Bibi kizee mwenye miti miwili ataandika vipi? Ataandikiwa, amekuwa akiandikiwa maziwa kwenye kitabu cha chama cha ushirika miaka yote hii na hajalalamika. Broka atasema karatasi inamchelewesha na bei itashuka. Huenda ikashuka msimu mmoja. Lakini yule anayelipa bei ya juu bila kuuliza ndiye anayelipa bei ya juu kwa matunda yangu pia, yaliyochumwa na mwingine. Pingamizi ninayoiogopa ni ile isiyosemwa kwa sauti: sisi wakulima wenyewe tunampenda mnunuzi asiyeandika, kwa sababu mke hatajua tumepata ngapi, na ndugu anayetudai hatajua pia. Hapo sina jawabu, ila kusema kwamba giza linalokuficha wewe linamficha na mwizi.

Kikundi chetu cha wakulima kumi na wanane kimekubaliana kwamba msimu ujao hatutauza kwa yeyote asiyekubali kuandika. Tumechanga pesa za mizani ya kuning'iniza na vitabu viwili vya risiti. Wanunuzi wawili wamekubali. Mmoja amesema atahamia ng'ambo ya mto, ambako hawaulizi maswali. Tumewatuma wazee wetu wawili huko wakazungumze na wenzao kabla matunda hayajakomaa, maana mto wenyewe ukiwa na maji machache unavukwa kwa miguu, na gunia begani.