Miaka 44 kwenye CV, mnacheka nini?

Mtangazaji mmoja wa zamani, jina kapuni, kaonekana akizungusha CV ofisi hadi ofisi pale Posta, basi mitandaoni ni vicheko tu: "Kafulia!" Kafulia nini jamani? Jamaa ana miaka 44, anasomesha, anatafuta kazi. Angekaa nyumbani mngesema mvivu.

Cha kuchekwa ni haya matangazo ya "umri miaka 25 hadi 30, uzoefu miaka 10". Huo uzoefu kaanza kuupata akiwa sekondari? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mwombaji kazi kwa sababu ya umri, ila nani anajali? Hata serikalini, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanataka asiyezidi miaka 45, labda awe tayari mtumishi. Na kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni 60. Hiyo 15 ya katikati, aliyepoteza kazi ale nini?

Ndiyo maana mastaa wa mjini birthday zao hazisogei. Huyu jamaa kaandika 44 yake yote, na simu bado haijaita.