Jina la Nani?

Oktoba ikiingia, kwetu Chinongwe, wilayani Ruangwa, hunuka mabibo. Tangu alfajiri utawaona kina mama wameinama chini ya mikorosho, ndoo mkononi, mtoto mgongoni. Bibo linang'olewa, korosho inatiwa kwenye ndoo. Ndoo ikijaa inamwagwa juu ya turubai, ianikwe, ichambuliwe, nzima itengwe na mbovu. Ikishakauka inatiwa guniani na kupelekwa ghala la chama cha msingi, kwa baiskeli, kwa bodaboda, au kichwani kama hakuna nauli. Pale ghalani karani ameketi na mizani na daftari lake. Anapima, anaandika kilo, kisha anauliza swali nililolisikia tangu nilipoanza kuwa mkulima: "Jina la nani?" Na mama yule aliyeokota, akaanika, akachambua na kubeba, anajibu kwa sauti ya kawaida kabisa jina la mume wake.

Ndugu wasomaji, watu huuliza kama mwanamke wa leo bado anapambania usawa kila siku. Wapo wanaodhani mapambano hayo yalikwisha siku tulipoona wanawake bungeni, na hasa tarehe 19 Machi 2021 Mama Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais. Mimi nawaomba wanaouliza waje wakae nusu siku tu penye mizani ile, wahesabu majina.

Wazee wenzangu wa Ruangwa na Nachingwea wakisikia neno usawa hukunja uso. Husema hayo ni ya wenzetu wa mikoa mingine, wanakolipa mahari ya ng'ombe na kumhesabu mke kama sehemu ya boma. Sisi Wamwera, na jirani zetu Wayao, Wamakua na Wamakonde, ukoo tunauhesabu kwa mama. Mtoto ni wa upande wa mama, na zamani mwanamume akioa alihamia ukweni na kulima ardhi ya ukoo wa mkewe. Hata lile Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililomweka binti ngazi ya mwisho katika urithi, liliandikwa kwa ajili ya makabila ya ukoo wa baba. Basi mwanamke wa kwetu analalamikia nini?

Sina nia ya kuibeza mila hiyo, imenilea. Lakini tuseme ukweli wote. Ukoo ulipita kwa mama, amri ilipita kwa mjomba. Mama alikuwa mlango wa nyumba, na mwenye kufungua na kufunga alikuwa kaka yake. Tena hata ile stara ndogo aliyokuwa nayo mwanamke katika ardhi ya kwao, mkorosho umeila.

Nieleze. Mahindi, mtama na mihogo hupandwa juu ya ardhi na kuondoka. Ardhi hubaki kwa wenyewe. Mkorosho hauondoki. Ukiupanda leo, wajukuu watauokota. Na kwa desturi yetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama udongo uliouotesha ni wa ukoo mwingine. Mwanamume alipopanda safu za mikorosho katika shamba la ukoo wa mkewe, kwa nusu karne ile ardhi ilikuwa yake, bila ugomvi na bila kikao. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa vya miaka ya sabini. Watu walihamishwa, mashamba ya zamani yakaachwa porini, na palipogawiwa upya mgao ulikwenda kwa kaya, na kaya ikaandikwa kwa jina la mwanamume. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani zipatazo 145,000; kufika 1986/87 zilikuwa zimeshuka mpaka kama 16,500. Wachumi wanalieleza anguko hilo kwa bei, kwa ugonjwa wa ubwiriunga na kwa watu kuhamishwa mbali na miti yao. Sijamsikia anayeitaja hasara iliyowapata bibi zetu, walioondoka katika mashamba waliyojulikana kuwa wenyewe wakaingia katika vijiji walimojulikana kuwa wake wa fulani.

Korosho ilipoinuka tena iliinuka na daftari. Salfa ya kuzuia ubwiriunga inataka jina, pembejeo ya ruzuku inataka jina. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, nao unataka jina. Mimi si adui wa mfumo huo. Tunaokumbuka walanguzi walivyotufanya hatuwezi kuurudisha nyuma. Lakini tazameni unavyofanya kazi. Gunia likishapimwa linaondoka kwenda ghala kuu, linauzwa mnadani, na baada ya siku kadhaa fedha inaingia benki, katika akaunti ya yule aliyeandikwa. Ujumbe wa benki unalia katika simu moja tu. Zamani mume alirudi na noti, mke akaziona kwa macho, akadai ya chumvi na ya sare za watoto. Sasa hata kuziona hazioni. Na kila msimu tunasikia habari zilezile: fulani kapata malipo, kaenda mjini, karudi baada ya wiki mbili na mke mwingine.

Hapa nataka kusema jambo ambalo viongozi wa ushirika hawatalipenda. Kila mwaka tunahubiriwa juu ya kangomba, yaani kuuza korosho kwa bakuli uchochoroni kabla hazijafika ghalani. Kangomba ni wizi, mwenye kununua ananyonya, na Serikali imeipiga vita kwa haki. Lakini je, tumewahi kujiuliza ni nani anayekwenda na bakuli lake jioni, ameliziba kwa upindo wa kanga? Mwanamume mwenye akaunti ana sababu ya kungoja mnada. Mama asiye na jina daftarini, mtoto wake akishikwa na homa usiku, angoje mnada gani? Kangomba ni soko la mtu asiye na jina. Tukimwandika, nusu ya vita hiyo tumeimaliza bila mgambo.

Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kusomba, tulifanyiwa uhakiki: mwenye korosho aonyeshe shamba. Ilikuwa halali kuuliza. Lakini swali hilo likimwendea mwanamke aliyelima miaka thelathini kwa jina la mwingine, atanyosha kidole wapi?

Msidhani nahubiri nikiwa juu ya mti. Miaka mingi nyumbani kwangu jina lilikuwa langu peke yangu, na sikuona kosa. Mikorosho ya bondeni mke wangu aliipanda kwa mkono wake, nami niliiuza kwa jina langu. Kisha msimu mmoja nikaugua vibaya, nikalazwa mbali na nyumbani. Nikiwa kitandani sijitambui, malipo ya korosho yaliingia. Mke wangu alikwenda benki akiwa na cheti cha ndoa na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Akaambiwa kwa adabu kwamba akaunti si yake. Fedha aliyoichuma kwa mgongo wake ilikuwa mle ndani, naye akageuka kwenda kukopa nauli kwa jirani ili aje kuniuguza. Nilipopona hakunilaumu hata kwa neno moja. Lile neno ambalo hakulisema ndilo limenifanya niandike makala haya.

Wengine watasema sheria haipo. Ipo, na ni nzuri kuliko sisi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Imeagiza Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na katika hao wanawake wawe watatu. Na zamani zaidi, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisikiliza kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikaamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua na kulea ni jasho, nalo lina hesabu yake. Lakini yafaa mjue pia kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu lile. Mahakama iliona kuwa fedha aliyokuwa amepewa na mumewe ilipotea mikononi mwake, ikamhesabia kuwa ndiyo sehemu yake. Wanawake wengi wamepita katika mlango alioufungua, naye alibaki nje. Ndiyo maana nasema tusingoje mahakama. Mwanamke anayepata haki yake kwa jaji ameshaipoteza nyumba yake, na ndoa yake, na miaka yake.

Sheikh mmoja rafiki yangu aliniuliza kama nataka kuleta mambo ya Kizungu. Nilimjibu: bwana wangu, Bibi Khadija alikuwa na mali yake na misafara yake ya biashara kabla Mtume hajamwoa, na Qur'ani imempa mwanamke fungu lake katika alichokichuma. Iliyolifuta fungu hilo kwenye daftari la ghala si dini. Alinyamaza, kisha akaniomba niyaseme hayo mbele ya watu. Ndiyo haya nayasema.

Na kwa wale wanaodhani mwanamke hawezi dhamana, wakumbuke ardhi wanayoikanyaga. Nachingwea hii hii, katika kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, mwaka 1967 walikuja wasichana wapatao 25 kutoka Msumbiji kufunzwa vita, na mmoja wao ni Josina, aliyekuja kuolewa na Samora Machel. Kulikuwa na wanaume waliochukia kumwona msichana ameshika bunduki. Wasichana wale wakabeba silaha, wakalinda vijiji vilivyokombolewa, wakalea yatima wa vita. Josina alifariki tarehe 7 Aprili 1971 akiwa bado kijana, na Msumbiji imeifanya siku hiyo kuwa ya wanawake wao.  Ardhi iliyomwamini msichana kwa bunduki leo inashindwa kumwamini mama kwa akaunti?

Basi nasema na ninyi wanaume wenzangu. Tunasema tukimpa mwanamke fedha atakimbia. Tuhesabu kwa haki: katika misimu yote hii, nani amekimbia na fedha za korosho, yeye au sisi? Kaeni na wake zenu, hesabuni miti, mseme hii ni yako, hii ni yangu, hii ni yetu. Mkipimiwa shamba kwa ajili ya hati ya kimila, yaandikwe majina mawili. Ninyi viongozi wa vyama vya msingi, msimwambie mama akirudi na mumewe ndipo aandikishwe. Sheria ya ushirika haijui sharti hilo, inajua kiingilio na hisa. Nanyi mama zetu na dada zetu, msikae nyuma kwenye mkutano mkuu mkinong'ona. Hoja inayonong'onwa haiingii katika kumbukumbu za kikao. Kabla pembejeo hazijagawiwa, maofisa hupita vijijini kuhuisha daftari la wakulima. Siku hiyo acheni ndoo na jembe, mwende na kitambulisho.

Sisi tulikwenda. Ile mikorosho ya bondeni iliandikwa kwa jina la mke wangu, akalipa kiingilio, akafungua akaunti yake. Msimu uliofuata tulifuatana ghalani, mimi nikisukuma baiskeli. Karani, kwa mazoea, alikwisha kuanza kuandika herufi ya kwanza ya jina langu. Mke wangu akamwambia, "Futa, mwanangu," akamtajia lake. Fedha ilipoingia alinunua bati za jiko na kulipa deni la ile nauli, ambalo kwa miaka yote hiyo sikujua kwamba halijalipwa. Stakabadhi yenyewe, ya kilo 214, ameitia katika bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto.