Tai chi isiyosukumwa ni programu isiyojaribiwa

Leo naiweka kompyuta kando (kidogo tu, msikimbie).

Nimechoka na hawa wanaouza "chi" kwenye video. Eti zungusha mikono hivi kila asubuhi, nguvu ya ndani ikijaa hakuna wa kukuangusha, na ngazi ya tatu unalipia! Hapa Mumias vijana waliokulia kwenye filamu za kung fu zilizosimuliwa na DJ Afro wanameza tu. Mimi nafanya tai chi, na nasema huo ni uongo.

Sanaa za ndani za Kichina, yaani tai chi, bagua na xingyi, hazina uchawi. "Ndani" maana yake nguvu inaanzia kwenye mguu unaokanyaga, inapita nyonga na kiuno, ndipo inafika mkononi. Tunakwenda polepole ili tuone inakokatika, kama tunavyoipitia programu mstari kwa mstari kutafuta hitilafu. Lakini nani kati yenu angemkabidhi mteja programu ambayo haijawahi kuendeshwa hata mara moja? Ndiyo maana Wachina wana zoezi la kusukumana mikono: wawili mnagusana, kila mmoja anatafuta kumyumbisha mwenzake. Hilo ndilo jaribio, na walimu wa video hulikwepa.

Mwaka 2017 huko Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa MMA, alimpiga Wei Lei wa tai chi kabla hata nusu dakika haijaisha. Watu wakaitangazia tai chi matanga. Matanga ya nini? Ilijaribiwa hadharani, ikaonekana ilipovunjika.

"Lakini inasaidia afya!" Sawa. Mapitio ya Cochrane ya 2019 yalisema huenda inapunguza kuanguka kwa wazee. Na ile miondoko 24 maarufu ilitungwa mwaka 1956 chini ya kamati ya michezo ya serikali ya China, iwe mazoezi ya umma. Basi uza mazoezi, useme ni mazoezi. Ukimwambia kijana wa bodaboda kwamba chi itamkinga na mwizi mwenye panga, utamuua.

Mwenzangu wa kusukumana alizoea kupakia miwa. Hajui jina hata moja la Kichina, ila akinigusa kifuani tu, najua kama kisigino changu kimeinuka. Hatozi hata shilingi. Mwalimu wa video, karibu Mumias Jumamosi yoyote, yeye yupo.